Bipu kutoka namba ya nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Utapeli huu hufanyikaje?

Simu yako inaita mara moja, pengine hata mlio wa kwanza haujaisha, kisha inakatika. Ukitazama unakuta namba ndefu inayoanza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi usiyoizoea. Aliyepiga hakutaka upokee. Alitaka namba yake ibaki kwenye orodha ya simu ulizokosa, ili udadisi au wasiwasi ukusukume kumpigia. Ukipiga, unaunganishwa na namba ya gharama kubwa, na sehemu ya kila dakika unayolipa inamfikia yeye.

Wajapani waliuita utapeli huu wangiri, yaani "mlio mmoja, kata", ulipoenea nchini mwao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jina hilo bado linatumiwa na wahandisi wa simu duniani kote.

Shika hili kabla ya mengine yote: bipu yenyewe haina madhara. Mtego unafyatuka pale tu unapopiga wewe.

Nikikuta bipu kama hiyo, nimeshakatwa pesa?

Hapana. Simu ambayo hukuipokea haikugharimu kitu ukiwa kwenye mtandao wako wa kawaida. Ukiwa safarini nje ya nchi mambo hubadilika kidogo: kama umeweka sanduku la sauti (voicemail, panaporekodiwa ujumbe wa aliyekukosa), simu usiyoipokea inaweza kurudishwa nyumbani kwenye sanduku hilo, na wewe ukatozwa kwa safari hiyo ya kurudi. Ndiyo maana ni busara kuzima sanduku la sauti kabla ya kusafiri.

Na nikiwahi kuipokea?

Kwa kawaida simu inayoingia haikatwi pesa, isipokuwa ukiwa nje ya nchi au kwenye mpango unaohesabu dakika za kupokea. Mara nyingi utasikia kimya, kisha simu inakatwa, kwa sababu simu iliyopokelewa inamgharimu tapeli mwenyewe. Hasara ndogo iliyopo ni kwamba sasa anajua namba yako iko hai na ina mtu, hivyo huenda ukapata nyingine.

Pesa inamfikiaje tapeli?

Unapopiga simu nje, kampuni yako ya simu haiifikishi peke yake. Inaikabidhi kwa kampuni nyingine, pengine kupitia mbili tatu za kati, hadi kwa ile inayoshikilia namba unayoitafuta. Kila inayoibeba inalipwa kwa dakika, na ya mwisho inadai ada ya kuipokea. Kwa baadhi ya nchi na visiwa vidogo ada hiyo ni kubwa mno. Hapo ndipo penye biashara: wapo wanaokodisha mafungu ya namba zenye ada kubwa kwa yeyote anayetaka, na kugawana naye kila dakika inayoingia. Tapeli hukodi fungu, anaweka mashine ya kupokea simu, kisha anaiachia programu ibipu watu kwa maelfu.

Tuseme imebipu namba 100,000 usiku mmoja. Kwa kuwa hakuna anayepokea, gharama yake ni karibu na bure. Wakimpigia watu 2 tu katika kila 100, na kila mmoja akakaa dakika moja, amevuna dakika 2,000 za malipo kabla hakujakucha. Ndiyo sababu hahitaji kukujua jina wala kukulaghai kwa maneno. Programu hupita namba kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, hivyo kupata bipu si dalili kwamba taarifa zako zimevuja mahali.

Kwa hiyo matapeli ni watu wa nchi ile inayoonekana kwenye msimbo?

Mara nyingi sivyo. Aliyekodi namba anaweza kuwa bara jingine kabisa. Tena kuna simu ambazo hazifiki katika nchi hiyo hata siku moja: kampuni mojawapo ya kati huikatiza simu njiani, mashine yake inaipokea, na ada inayostahili kwenda kwenye nchi ile inaishia hapo. Nchi ndogo zinapoteza mapato, zinachafuliwa jina, na wakati mwingine mitandao ya nje hufunga msimbo wao mzima hata kwa ndugu wanaotafutana kwa haki. Tafadhali usisambaze ujumbe unaowalaumu wananchi wao.

Nitaitambuaje namba ya mtego?

Hakuna orodha kamili, kwa sababu mafungu hubadilishwa kila mara. Lakini zipo alama.

Tazama kwanza tarakimu zinazofuata alama ya kujumlisha. Msimbo wa nchi una tarakimu moja hadi tatu. Miongoni mwa misimbo iliyowahi kutajwa sana katika utapeli huu ni +222 ya Mauritania na +232 ya Sierra Leone. Mwezi Mei 2019 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa tahadhari baada ya wimbi la bipu za usiku zenye msimbo 222 kuwafikia watu wa majimbo ya New York na Ohio. Wamarekani wengi waliudhani ni msimbo wa eneo la nchini mwao, maana misimbo yao ya maeneo nayo ina tarakimu tatu.

Macho hudanganyika hivyo hivyo tarakimu zinapopishana nafasi. +255 ni Tanzania, +225 ni Côte d'Ivoire. +254 ni Kenya, +245 ni Guinea-Bissau. +256 ni Uganda, +265 ni Malawi. Mtu aliyeamka na usingizi machoni hasomi kwa makini kiasi hicho. Wala si kwamba nchi hizi ni za utapeli. Ninachosema ni kwamba usipige kwa kuitazama namba juu juu.

Halafu ipo misimbo isiyo ya nchi yoyote. +870 na +881 ni ya simu za setilaiti, +882 na +883 ni ya mitandao ya kimataifa, na +979 ilitengwa mahususi kwa huduma za kimataifa zenye ada ya juu. Kama huna mtu aliye baharini au jangwani na simu ya setilaiti, huna sababu ya kupiga namba hizo.

Alama ya mwisho ni mwenendo: mlio mmoja au miwili, hakuna ujumbe wa sauti, hakuna meseji, na pengine bipu mbili tatu zinazofuatana kutoka namba zinazotofautiana tarakimu za mwisho tu.

Namba inaanza na +1. Si Marekani au Canada hiyo?

Si lazima. Msimbo +1 unatumiwa na nchi na maeneo zaidi ya 20, vikiwemo visiwa vingi vya Karibi. Tazama tarakimu tatu zinazofuata: 876 ni Jamaica, 809, 829 na 849 ni Jamhuri ya Dominika, 473 ni Grenada, 268 ni Antigua na Barbuda, 284 ni Visiwa vya Virgin vya Uingereza, 649 ni Turks na Caicos. Bei ya kupiga huko inaweza kuwa mara nyingi zaidi ya kupiga Marekani kwenyewe. Walio Marekani na Canada wako hatarini zaidi, kwa sababu wao hupiga visiwa hivyo bila 011, ile wanayoitumia kwa simu za nje, na hakuna chochote kwenye namba kinachowaonya kwamba simu inavuka mpaka.

Kwa nini hupiga usiku wa manane?

Kwa sababu ukiwa usingizini huiwahi simu kabla haijakatika, na asubuhi utakuta bipu tatu na kudhani kuna msiba.

Nina ndugu nje. Nitajuaje kama si yeye mwenye dharura?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu utapeli huu unakula upendo wa watu kwa jamaa zao. Njia salama ni kumtafuta ndugu kwa namba unayoijua, usiitumie ile iliyokubipu. Mwandikie kwenye programu ya ujumbe mnayoitumia siku zote: "Umenipigia?" Asipojibu, mtafute mtu anayeishi naye au aliye karibu naye.

Kumbuka pia kwamba simu za kutoka nje hazionyeshi namba ya kweli kila mara. Ndugu akipiga kwa kadi ya simu za nje au kwa huduma ya bei rahisi ya intaneti, skrini yako inaweza kuonyesha namba ya nchi nyingine kabisa, au hata namba ya hapo hapo ulipo. Ukiipigia namba hiyo hutampata yeye hata kama kweli alikuwa ndiye. Kwa hiyo mara nyingi kupiga hakukusaidii.

Mwenye shida ya kweli hupiga tena na kuiacha simu iite, au huandika. Mkubaliane mapema katika familia: akipatwa na jambo na simu isipokewe, aandike meseji yenye jina lake na namba ya kumpata, na mthibitishe kwa mtu wa pili kabla ya kupiga au kutuma pesa.

Nikipiga nitasikia nini?

Chochote kitakachokuweka hewani. Muziki, sauti inayokuambia usubiri mhudumu, mazungumzo ya lugha usiyoielewa, mtu anayejifanya hakusikii vizuri. Ujanja ulio mbaya kuliko wote ni mlio wa kuita uliorekodiwa: wewe unasikia simu inaita, kumbe mashine imeshapokea na unakatwa pesa sekunde baada ya sekunde.

Huu una dawa. Simu yako huanza kuhesabu muda pale inapopokelewa upande wa pili. Ukiona sekunde zinakimbia kwenye skrini huku ukisikia mlio wa kuita, kata papo hapo. Usisubiri "nione kama atapokea". Mipango mingi hutoza dakika nzima hata ukikaa sekunde tano, na mingine huongeza ada ya kuunganishwa, hivyo kukata mapema hakufuti hasara yote, ila huizuia isikue.

Natumia malipo ya kabla na nina kifurushi cha dakika. Niko salama?

Nusu. Dakika za kifurushi cha kawaida haziingii kwenye simu za nje, kwa hiyo simu hiyo hula salio kuu moja kwa moja. Hasara yako inaishia pale salio linapoisha, na hii ni kinga ya kweli. Mwenye laini ya malipo ya mwisho wa mwezi hana ukuta huo, labda awe ameomba kampuni yake imwekee kikomo cha matumizi. Kama ni wewe, omba leo.

Mwenye laini mbili ahakikishe pia simu inatoka kwa laini ipi. Wengi huweka salio kubwa kwenye laini ya kazi, na simu iliyopigwa bila kufikiri ikatokea huko.

Naweza kuipiga bila kukusudia?

Naam, na hutokea sana. Kwenye simu nyingi, kugusa jina au namba katika orodha ya simu ulizokosa huipiga hapo hapo bila kuuliza. Arifa ya simu uliyoikosa nayo ina kitufe cha kupiga. Saa ya mkononi na skrini ya gari vilivyounganishwa na simu yako vina orodha ile ile, na mtoto anayechezea simu hajui msimbo wa nchi. Kwa hiyo ukishaitambua namba ya mtego, usiiache ikae. Bonyeza kwa kushikilia, izuie, kisha ifute.

Kuzuia namba kunasaidia?

Kwa namba ile moja, ndiyo. Kesho tapeli atatumia nyingine kutoka fungu lile lile, kwa hiyo usitegemee kuzuia peke yake.

Simu za iPhone, tangu mfumo wa iOS 13 wa mwaka 2019, zina chaguo la kunyamazisha wapigaji ambao hawamo kwenye majina yako. Simu haitaita, lakini namba bado itaonekana kwenye orodha, na kishawishi kinabaki pale pale. Kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio ya programu ya kupigia, lipo chaguo la kuzuia "wasiojulikana". Watu huliwasha wakadhani wamemaliza kazi. Kwa kawaida chaguo hilo huzuia namba zilizofichwa tu. Namba ya nje inayoonekana wazi hupita bila shida. Chaguo lenye manufaa zaidi ni lile la kutambua simu za utapeli na kuzichuja, kama simu yako inalo.

Naweza kuzuia simu za nje zisitoke kabisa?

Unaweza, na kwa asiyepiga nje hii ndiyo kinga bora kuliko zote. Njia rahisi ni kupiga huduma kwa wateja na kuwaomba wafunge simu za nje zinazotoka. Wengine hufanya bila malipo na ndani ya dakika chache.

Unaweza pia kujaribu mwenyewe kwa misimbo ya kawaida ya GSM (mfumo wa simu za mkononi unaotumiwa na mitandao mingi), ingawa si mitandao yote inayoikubali:

*331*nenosiri# hufunga simu zote za nje zinazotoka.
#331*nenosiri# huzifungua.
*#331# hukuonyesha hali ilivyo.

Neno la siri hapa si PIN ya laini. Ni tarakimu nne zinazowekwa na mtandao, mara nyingi 0000 au 1234, lakini uliza badala ya kubahatisha: ukikosea mara tatu mfululizo huduma hujifunga na itabidi kampuni yenyewe ikufungulie. Ukisafiri, msimbo wa 331 utakuzuia hata kupiga nyumbani. Tumia 332 badala yake, kwa utaratibu ule ule; huo huziacha simu za nchi uliko na za nchi ya laini yako.

Ufungaji huu hauathiri WhatsApp na programu nyingine za intaneti, wala simu zinazoingia.

Kwa mzee au mtoto kuna kinga kali zaidi: orodha ya namba ruhusa inayohifadhiwa ndani ya laini yenyewe. Ikiwashwa, simu hupiga namba zilizomo tu, pamoja na namba za dharura. Inahitaji PIN2, ambayo hutolewa na kampuni ya simu. Nayo ukiikosea mara tatu hujifunga hadi uipate PUK2, yaani namba ya kuifungulia.

Nimepata meseji inayosema nipige namba fulani kuhusu mzigo au mgonjwa. Ni utapeli ule ule?

Ni ule ule, umevaa nguo nyingine. Meseji hujenga hofu ambayo bipu haiwezi kuijenga: mzigo umezuiwa, akaunti inafungwa, ndugu yuko hospitali. Usipige namba iliyomo ndani ya ujumbe. Itafute namba ya kampuni au hospitali hiyo mahali pengine, kisha piga hiyo. Wala usijibu kwa meseji, maana meseji kwenda namba za nje nayo hulipiwa.

Na bipu za WhatsApp kutoka nje?

Kupiga kwa WhatsApp hutumia data tu, hakuna ada ya dakika inayomfikia mpigaji. Hatari yake ni ya aina nyingine: anayebipu huko anatafuta mazungumzo, ili baadaye aje na kazi ya mtandaoni, uwekezaji, mapenzi ya uongo, au aombe tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu yako. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yako. Usimpe mtu.

Ni kweli kwamba ukipiga namba hizi wanakopi majina yako au laini yako?

Si kweli. Simu ya kawaida ya sauti haiwezi kunakili laini wala kusoma majina na taarifa za benki. Onyo la kutobonyeza #90 au #09 nalo ni uvumi wa zamani kwa upande wa simu za mkononi. Lilihusu mitambo ya simu za maofisini.

Ila kuna msimbo wa kuogopwa kwelikweli. Mtu akikuomba upige 21* au *21* ikifuatiwa na namba ya simu na alama ya reli (#), anakufanya uelekeze simu zako zote kwake, pamoja na simu zinazotaja namba za uthibitisho. Kuangalia kama umeelekezwa, piga *#21#. Kufuta maelekezo yote, piga ##002#. Hii ya mwisho itafuta pia mwelekeo wa kwenda sanduku la sauti, hivyo huenda ukalazimika kuliwasha upya.

Ofisi yetu nayo inalengwa?

Sana. Programu za matapeli hujaza fomu za "tuwasiliane" kwenye tovuti kwa namba za ada kubwa, na mfanyakazi mwenye bidii akampigia "mteja". Mwambieni mteja wa nje ajibu kwanza kwa barua pepe. Mtambo wa simu wa ofisi ufungwe simu za nje kwa meza zisizozihitaji, na hasa usiku na mwisho wa wiki, ambapo hakuna anayetazama bili. Badilisheni pia nywila zilizokuja na mtambo.

Nimeshapiga. Nifanye nini sasa hivi?

Kata kama bado uko hewani. Angalia salio au matumizi ya bili, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha namba, saa na muda uliokaa. Izuie namba, kisha uifute.

Wapigie huduma kwa wateja siku hiyo hiyo, kwa namba rasmi ya kampuni yako. Waambie umerudisha bipu ya namba ya nje yenye ada kubwa, wape namba kamili na muda, waombe wasajili lalamiko na wakupe namba ya lalamiko, waombe wafunge simu za nje kwenye laini yako, na wachunguze fungu lote la namba hizo. Ripoti moja tu yaweza kuwaokoa wateja wengine maelfu usiku unaofuata. Wakikupuuza, peleka lalamiko kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini mwako.

Nitarudishiwa pesa?

Mara nyingi hapana, na ni vyema ulijue hilo mapema. Kampuni yako inadaiwa na kampuni zilizoibeba simu, na kwenye mitambo inaonekana kwamba wewe ndiye uliyepiga. Hata hivyo malipo kati ya kampuni hizo hayafanyiki papo hapo. Ripoti iliyowahi huipa kampuni nafasi ya kupinga deni kabla halijalipwa, na hapo uwezekano wa kukufutia unaongezeka. Ukichelewa, nafasi hiyo hupungua.

Jihadhari na atakayekupigia baadaye akisema anashughulikia marejesho yako. Anayetaka PIN, nywila au tarakimu za uthibitisho ili "akurudishie" ni tapeli wa pili.

Mtu ananipigia kwa hasira, anasema namba yangu imembipu, na mimi sijapiga.

Huo ni mchezo tofauti. Kuna programu zinazoonyesha namba ya bandia kwa anayepigiwa, na safari hii imeangukia yako. Kwa wangiri haimsaidii tapeli, kwa kuwa anayepiga anakufikia wewe na si mashine yake. Hutumiwa zaidi na wanaotaka simu yao ipokelewe kwa kuwa inaonekana ni ya jirani. Mweleze mtu huyo kwa upole kwamba namba yako imeigwa, na wajulishe kampuni yako ya simu. Angalia pia *#21# na orodha ya simu ulizopiga, ili uwe na hakika kwamba kweli hazikutoka kwako. Usikimbilie kubadilisha laini: kwa kawaida matapeli huhamia namba nyingine baada ya siku chache.